Giaboksi Kutoka Lemara

Nakunda mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na kesho tutapeana tena stesheni, kwa hiyo barua hii haina salamu. Haina habari za sabuni wala chandarua wala jinsi ya kukaa na wenzako bwenini. Hayo shangazi yako amekwambia mpaka umechoka, na sanduku lako amelipanga na kulipangua mara tatu tangu jana. Mimi nimekaa mezani tangu saa nane mchana. Baba yako yuko kazini, wewe umekwenda kuwaaga watu wa kwaya, na nimeona nikuandikie jambo moja ambalo nikilisema kwa mdomo nitalizungusha mpaka ligeuke jambo jingine. Utalisoma kwenye treni.

Jambo lenyewe ni la mguu wa baba yako.

Mwaka jana shule yenu ilipowaalika wazazi, ulimwambia asije. Ulisema kwa upole sana, kwamba njia ni mbali na mguu utamuuma. Akakubali, akakuuliza tu kama una nauli ya kutosha. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni, nikawasikia, na nilijua, kama yeye alivyojua, kwamba si mguu uliokuwa unakutia aibu. Ni lile jina. Fundi Rivasi.

Ulipokuwa darasa la tano ulipigana kwa ajili ya jina hilo. Ulirudi gauni limechanika begani, ukaniuliza, "Mama, ni kweli baba alifunga giaboksi nyuma mbele?" Nikakujibu kwamba kila fundi hukosea. Nikachukua sindano nikashona gauni. Baadaye ukaacha kupigana, na hilo lilinisumbua zaidi, kwa sababu niliona umeanza kuwaamini. Sasa unakwenda Tanga kusomea uuguzi, utakuwa mtu wa kuvaa sare nyeupe na kuheshimiwa, na utakapoulizwa habari za baba yako sitaki ukwepe swali. Baba yako alikuwa fundi kweli. Kuna neno alilotumiwa ambalo lingemwokoa, na neno hilo lilikaa kwangu. Sikumfikishia.

Nianze mwanzo.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tunakaa vyumba hivihivi vya Kaloleni, ila baba yako alikuwa ameacha kazi ya gereji ya watu, ameanza yake mwenyewe kwenye kiwanja kilicho nyuma ya duka la Mzee Salehe. Wakati ule hakuna aliyekuwa akisema Mwingereza ataondoka, na Mwafrika mwenye gereji yake hapa mjini ungeweza kumhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Baba yako hakuwa na gereji hata hivyo. Alikuwa na kiwanja, jeki mbili, na sanduku la spana. Lakini Mzee Salehe alikuwa amemwahidi kitu. Alikuwa na gari la Kijerumani, lile lenye umbo la boksi ambalo injini yake iko nyuma, alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa likibeba abiria na kabichi kutoka Ngare Nanyuki, kuzunguka mlima mpaka hapa. Mawe ya njia ile yalikuwa yameimaliza giaboksi yake. Gia ya pili ilikuwa ikichomoka yenyewe, na ya tatu ilikuwa ikilia mpaka abiria wanaangaliana. Mzee Salehe akasema, "Fundi, lirudishe barabarani, na magari yangu yote yatakuwa mikononi mwako. Kile chumba cha mbele nitakubomolea ukuta uingizie magari." Baba yako alirudi nyumbani siku ile hakula. Alichora kwa chaki sakafuni mahali ambapo benchi la kazi lingekaa.

Kupata giaboksi ndiko kulikokuwa kazi. Mpya ilibidi iagizwe ng'ambo, na Mzee Salehe hakutaka kusubiri meli. Ya gari jingine ilikuwa haifai, na sababu yake nilielezwa baadaye sana na watu wengine. Kwenye magari mengi injini iko mbele, giaboksi iko katikati, na difu, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, iko nyuma, vimeungwa kwa chuma kirefu kinachopita chini ya gari. Kwenye gari lile vyote vilikuwa nyuma, giaboksi na difu ndani ya ganda moja. Kwa hiyo alikuwa anatafuta gari jingine la injini nyuma, zee, lililokufa kwa kitu kingine, giaboksi yake ikabaki nzima. Alizunguka kwa baiskeli mashamba ya kahawa ya Tengeru na Usa, akapanda mpaka Oldonyo Sambu, akiomba ruhusa ya kuchungulia mabanda ya watu. Alikuwa akirudi ana majani kwenye nywele na hana kitu.

Halafu mtu akamwambia kwamba Lemara kuna mjane Mpare ana kigari kibovu bandani. Kigari kidogo cha watu wanne, ndugu wa lile boksi, cha kiwanda kilekile, injini nyuma vilevile. Mumewe alikuwa dereva Nairobi, na alipofariki kigari kikabaki kimeegeshwa, kuku wanataga ndani yake. Jina lake lilikuwa Mama Nazieli.

Safari ya kwanza baba yako alikaa saa moja. Ya pili akakaa mchana mzima, na aliporudi akasema, "Yule mama anajua gari."

Nakunda, maneno yale manne yaliniingia mwilini kama homa. Nilikuwa nimeishi na baba yako miaka kumi na mitatu. Aliwahi kusema kwamba ninapika vizuri, kwamba ninaimba vizuri, na siku moja mbele ya ndugu zake alisema mimi ni mvumilivu. Hajawahi kusema kwamba ninajua kitu. Nilisoma mpaka darasa la nne pale misheni ya Akeri, nilijua hesabu kuliko yeye, nilikuwa nikimwandikia barua zake zote. Lakini alipokuwa akizungumza kazi yake alikuwa akizungumza na ukuta, au na spana, na nikiuliza alikuwa akisema, "Mambo ya mafuta machafu haya, mama."

Sasa akawa na mtu wa kumwambia. Safari ya tatu, ya nne, ya tano. Yule mama alikuwa amemsaidia mumewe kwa miaka mingi, amemshikia taa, amemwoshea vyuma kwa mafuta ya taa, anajua kila kitu kinakaa wapi. Na walikuwa wakizungumza Kipare. Unajua baba yako akizungumza Kipare anavyokuwa, sauti inashuka na mikono inaanza kwenda. Mimi Mmeru nilikuwa sipati ila neno mojamoja.

Siku giaboksi ilipoletwa kiwanjani kwa mkokoteni, alikuja nayo. Mwanamke mrefu, mwembamba, kanga zake zimefuliwa mpaka zimepauka, umri wake labda unanizidi miaka mitano. Hakuwa mzuri kupita wengine. Nilimchunguza vizuri nikajiambia hivyo, kisha nikajichukia kwa kumchunguza. Waliinama wote wawili juu ya lile ganda la chuma, wakaondoa kifuniko, akaonyesha kitu kwa kidole, akasema neno, na baba yako akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimeleta chai. Waliponiona wakanyamaza, wakaanza kusema Kiswahili kwa heshima yangu. Ile heshima iliniuma kuliko kicheko.

Baada ya kula nikamwuliza, "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Springi."

"Springi inachekesha?"

"Ile ilimrukia marehemu puani, siku moja alipokuwa anafungua." Akaanza kucheka tena peke yake. "Nikikueleza hutacheka. Ilibidi uwepo."

Ilibidi niwepo. Nililala na maneno hayo siku kadhaa, na Jumatano nikachukua kikapu cha ndizi nikaenda Lemara. Nilijidanganya kwamba nakwenda kushukuru. Nilikwenda kutafuta. Nilitaka kuona kama pana vikombe viwili, kama kofia ya mume wangu imetundikwa mahali. Nilikuta chumba kimefagiliwa, mkeka umekunjwa, mizigo mitatu imefungwa kamba, na kuku wanne wamefungwa miguu mlangoni. Shemeji zake walikuwa wamekuja kudai kiwanja cha ndugu yao, na kesho yake asubuhi alikuwa anapanda treni kurudi kwao Same.

"Karibu, Mama Nakunda," alisema, kama aliyekuwa ananisubiri. Akanipa uji kwenye kikombe pekee kilichokuwa bado hakijafungwa. Akaniuliza habari zako, akakutaja kwa jina, akaniuliza kama kile kikohozi chako kimekwisha. Kwa hiyo walikuwa wakizungumza habari zako pia. Nikaona hata wewe umechukuliwa.

Kisha akasema, "Mungu amekuleta. Nilikuwa nafikiri nimtume nani kwa Fundi. Jana nikifunga vitu nimekumbuka maneno ya marehemu. Alishawahi kufanya kazi kama hii Nairobi, kutoa giaboksi ya kigari na kuifunga kwenye boksi. Nisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo dogo lakini ndilo kazi yenyewe."

Akachukua kijiti akachora udongoni. Akaniambia kwamba lile boksi, kwa kuwa limetengenezwa kubeba mizigo, lina gia nyingine ndogo kwenye magurudumu ya nyuma, ambazo kigari hakina, na zile gia zinageuza mzunguko.

"Mwambie kabla hajaipandisha aifungue tena. Difu aigeuze, lile gurudumu kubwa la meno likae upande wa pili. Asipoligeuza, gari litakwenda kinyumenyume. Gia nne za kurudi, na moja tu ya kwenda. Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena, mama, usisahau difu."

Nikarudia tena. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ana bahati ya kuwa na mke mwenye kichwa." Nakunda, alinisifu kwa kitu kilekile nilichokuwa na njaa nacho, na kilipotoka kinywani mwake hakikunishibisha. Nilikitaka kutoka kwa mtu mwingine.

Nataka uniamini kwamba nilipokuwa natembea kurudi nilikuwa nimekusudia kumwambia. Nilikuwa nalirudia lile neno njia nzima, difu, gurudumu la meno, upande wa pili. Nilikuwa hata nimeanza kufurahi, kwa sababu nilijiona nitakavyosimama mbele yake na kumwambia jambo la gari ambalo yeye halijui. Nikafika kiwanjani. Alikuwa chini ya lile gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Aliposikia viatu vyangu akasema kutoka kulekule chini, "Mama Nakunda, ikikaa sawa, Ijumaa nitakwenda Lemara nimlete Mama Nazieli aje aone."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye gari, na hakuniambia niiname nione.

Nikafunga mdomo. Sikusema kwamba yule mama anaondoka kesho, wala sikusema alichonituma. Usiku alipoona sina maneno akaniuliza, "Kuna jambo?" Nikamwambia hakuna. Nilijihesabia kwamba gari likienda kinyumenyume hakuna atakayekufa. Ataaibika kidogo mbele ya Mzee Salehe, ataudhika na ile giaboksi na mwenye giaboksi, kisha atatafuta kosa mwenyewe na kulipata, na yule mama hatakuwa tena yule anayejua. Ndivyo nilivyopanga. Nilipanga kwa utulivu, kama mtu anayepanga vyakula vya wiki.

Ijumaa alikwenda Lemara akakuta nyumba imefungwa. Alirudi akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia. "Amekwenda bila kuaga," akasema. Nikamwekea chai, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Jumamosi ndiyo siku unayoikumbuka wewe, ingawa tulikuwa tumekutuma sokoni na ulikuta yamekwisha. Watu walijaa mbele ya duka. Mzee Salehe alikuwa amevaa kanzu mpya. Omari, mpwa wake, ndiye alikaa kwenye usukani, kwa sababu baba yako alitaka kusimama nyuma, afungue kile kifuniko cha injini na kusikiliza gia zinavyoingia. Unaelewa sasa kwa nini nimekueleza kwamba injini ya gari lile iko nyuma. Fundi wa gari jingine angesimama mbele. Yeye alisimama nyuma, sikio karibu na injini, na mgongoni kwake palikuwa na ngazi za mawe za duka.

Nilikuwa nimesimama barazani, birika mkononi. Nilimwona alivyoinama. Nilimwona Omari akishika gia. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kinyumenyume maana yake ni pale alipo yeye.

Nikafungua mdomo. Neno lililotoka halikuwa difu wala gurudumu la meno, lilikuwa jina lake tu. Alinyanyua kichwa kunitazama mimi, na kwa kunitazama mimi hakulitazama gari. Omari akaachia klachi. Gari likaruka nyuma likambana mguu kwenye ngazi ya kwanza, na Omari kwa kuchanganyikiwa akakanyaga mafuta badala ya breki. Sitaandika sauti niliyoisikia.

Alikaa hospitali miezi miwili. Kazini kwako utakutana na wagonjwa wengi wa namna hiyo, na wakati mwingine kutakuwa na mke kando ya kitanda anayelisha mgonjwa kwa kijiko kwa upole mno, na manesi watamsifu. Walinisifu mimi.

Mzee Salehe alilivuta gari lake mpaka gereji kubwa ya mjini, na kule wakaifungua giaboksi, wakageuza difu, gari likaenda. Kazi ya siku mbili tu. Wakacheka, na kicheko kikatoka gereji kikafika sokoni, kutoka sokoni kikafika shuleni kwako kimeshakuwa jina, Fundi Rivasi, fundi wa gari la kurudi nyuma. Kile chumba cha mbele alipewa mshonaji wa nguo. Baba yako alipotoka hospitali akakanyaga kiwanja kile kwa gongo, akakusanya spana zake, na tangu siku ile hajafungua giaboksi ya mtu. Anafanya breki, springi, pancha. Ukimletea gari lenye gia mbovu anakuelekeza kwingine, kwa heshima tu, kama anayekuelekeza njia.

Na mimi niliyetaka kuelezwa habari za gia, sikuzipata. Hakuzungumza na mimi wala na mtu yeyote. Alikuwa na sentensi moja tu aliyoirudia mara nyingi, akikutana na Wapare wenzake hapa mjini: kwamba yule mama wa Lemara alimuuzia giaboksi akijua itamfanya nini, akachukua chake akatoroka. Mwizi, alikuwa akimwita. Nilisikia. Nilikuwa nawamiminia chai wakati anasema, na sikumkatiza hata mara moja katika miaka sita.

Sikuandikii ili usione wivu. Utauona. Utauona kwa mwenzako atakayeshika sindano vizuri kuliko wewe, kwa mwanamume, labda kwa mtoto wako mwenyewe siku moja. Nakuambia tu ulivyonijia mimi, kwa sababu nilidhani ukija nitautambua, nilidhani una sura ya hasira. Kwangu ulikuja kama haki. Nilijiona mimi ndiye niliyenyimwa kitu, na aliyenyimwa ana ruhusa ya kunyamaza kidogo. Sikupiga mtu, sikutukana mtu, sikusema uongo wowote isipokuwa neno "hakuna" siku ile usiku. Ningekuwa nimesema uongo mkubwa labda ningeshtuka mapema.

Na bado naona wivu. Leo asubuhi ulipokuwa unakunja ile sare yako nilikuonea wewe. Unakwenda mahali ambapo watu watasema, yule dada anajua. Nilifurahi kwa machozi, na ndani ya machozi yale palikuwa na tone lile jingine. Nalitaja ili ujue kwamba mama yako analiona sasa linapokuja.

Hapa nilikuwa nimeandika kuaga, nikaweka kalamu. Halafu nikaona kwamba nikikupa wewe barua hii na kumwacha yeye hajui, nitakuwa nimefanya jambo lilelile mara ya pili, neno lake liko kwa mtu mwingine. Kwa hiyo aliporudi kazini, kabla hujarudi kutoka kanisani, nilimketisha nikamsomea yote, tangu mwanzo mpaka hapo juu. Sasa naendelea ili ujue ilivyokuwa.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, mguu ameunyoosha kwenye stuli. Nilipomaliza, maji yalikuwa yanachemka jikoni na kumwagikia makaa. Sikuinuka.

"Rudia alivyosema," akaniambia.

"Nani?"

"Mama Nazieli. Rudia maneno yake."

Nikarudia. Aifungue tena kabla hajaipandisha. Difu aigeuze, lile gurudumu kubwa la meno likae upande wa pili. Nilikuwa sijasahau hata neno moja. Akaweka kiganja chake mezani, akakigeuza taratibu, akakiangalia, akakigeuza tena.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ganda lile linagawanyika katikati, ningeigeuza difu kwa siku mbili." Akakilaza kiganja. "Mimi nilidhani sina akili ya gia. Nilidhani wale wa gereji kubwa walicheka kwa haki."

Nikaanza kuomba msamaha, akanyanyua mkono nikaacha.

"Miaka sita nimemwita yule mama mwizi. Watu wa kwetu wamelibeba jina hilo mpaka Same. Anaishi nalo kule."

"Najua."

"Treni ya mtoto inapita Same."

"Inapita."

"Nitapanda naye. Nitashuka Same nimtafute, nimwambie mbele ya watu." Akashusha mguu kutoka kwenye stuli kwa mikono yote miwili, kama anavyofanya siku zote.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi na wewe?"

"Wewe tutazungumza nikirudi," akasema. Hakusema kwa ukali. Akatoka nje akakaa barazani, na hajala mpaka sasa.

Kwa hiyo kesho hutasafiri peke yako mpaka Same. Atakuwa pembeni yako wakati unasoma haya, na hatakuuliza ni nini unasoma. Kama una neno la kumwambia kuhusu siku ile ya wazazi shuleni, mna saa nyingi njiani. Treni ikisimama mshike mkono anaposhuka, ngazi ya behewa iko juu kutoka chini. Yule mama ukimwona, mwamkie kwa heshima. Ukiandika barua yako ya kwanza kutoka Tanga, niambie kama alitoka mwenyewe kumpokea, na alivyomtazama, na kama walizungumza Kipare. Hapana. Usiniambie.

Umesharudi, nakusikia mnasalimiana huko nje na anakuuliza kama watu wa kwaya wameimba. Nakunja karatasi hii niiweke juu ya nguo zako. Nimepasha pasi kwa makaa mapya na kumpigia lile shati jeupe la kanisani, atakalovaa kesho kwenda kwa yule mama. Mikono nimeinyoosha, mfuko wa kifuani nimeulaza, na kola nimeirudia mara mbili ikae vizuri.

Mama yako